Maswali na majibu: Mkristo anaruhusiwa kuchoka?

Barua za safari hii, karibu zote, zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Nimefiwa na mume wangu. Kanisani kila mtu ananiambia "furahini katika Bwana siku zote". Najilazimisha kutabasamu, nikifika nyumbani nalia. Imani yangu imepungua?

Pole sana, mama. Haijapungua.

Mstari huo umo katika Wafilipi sura ya 4, na Paulo aliuandika akiwa kifungoni. Watu hupenda kulitaja hilo, na ni haki yao. Ila wanairuka sura ya 2 ya barua hiyohiyo. Humo Paulo anaeleza jinsi Epafrodito, mtenda kazi mwenzake, alivyougua karibu kufa, na kwamba Mungu alipomhurumia mgonjwa alimhurumia na yeye Paulo, asije akawa na "huzuni juu ya huzuni". Alikuwa na huzuni tayari, akaogopa kuongezewa nyingine, na hakuona haya kuliandikia kanisa zima.

Nenda pia Yohana 11. Yesu alikwisha kuwaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro, rafiki yake aliyekuwa amekufa. Alijua mwisho wa habari, na bado alipofika alilia. Ikiwa machozi ni upungufu wa imani, tutamweka wapi yeye? Na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina hata aya moja ya kufuta machozi mwishoni. Waliokusanya zaburi hawakuitupa.

Kwa hiyo acha kulitesa tabasamu lako. Jumapili ikikushinda kuimba, keti, waache wengine waimbe. Siku yao itafika na wewe utawaimbia. Tafuta mtu mmoja tu ambaye mbele yake unaweza kulia bila kuhubiriwa. Na hao wanaokuhimiza ufurahi, wao nao wana amri yao katika Warumi 12:15: "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Nusu ya pili mara nyingi tunaisahau, labda kwa sababu inachukua muda.

Mwanangu anaumwa muda mrefu. Kila mgeni ananisomea Yeremia 29:11, kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani. Nimeanza kuuchukia mstari huo. Nitumaini nini hasa?

Kosa si la mstari, ni la kuukata. Rudi aya moja nyuma: ahadi hiyo walipewa kwa barua watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli, nao wanaambiwa itatimia baada ya miaka 70. Wengi waliosikia barua ikisomwa walizikwa hukohuko. Ndiyo maana aya ya 5 inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake. Tumaini waliloagizwa lilikuwa na kazi za mikono ndani yake.

Mimi ningekusomea sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, Yeremia mwenyewe kafungwa katika uwanja wa walinzi, naye ananunua shamba kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Analipa, anaweka mashahidi, hati zinatiwa katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Mnunuzi wa kawaida angemcheka. Lakini Yeremia hasemi kwamba mji hautaanguka. Amekuwa akihubiri miaka mingi kwamba utaanguka. Ananunua kwa sababu Mungu amesema siku moja mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Kwa hiyo omba uponyaji, tena omba bila kigugumizi. Mpeleke mtoto kwa daktari siku zake, msomee hadithi, mtafutie viatu vipya vya kawaida. Anayekushauri uache dawa ili kuonyesha imani, mwonyeshe mlango kwa heshima. Na tumaini letu la mwisho ni ufufuo, lile la 1 Wakorintho 15. Majibu ya vipimo, yawe mazuri au mabaya, hayalifikii.

Ndugu na marafiki wote wananikimbilia mimi. Nikisema sina, najiona sina huruma. Siku hizi simu ikilia nakasirika.

Kaka, msome tena yule Msamaria wa Luka 10 taratibu. Alifunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamuuguza usiku ule. Kesho yake akatoa dinari 2, ujira wa kibarua wa siku mbili, akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akaendelea na safari yake. Aliahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Hakuhamia pale.

Nawe panga mapema kiasi unachoweza kutoa, ukimaliza sema umemaliza, na wengine uwaunganishe na watu wanaoweza kuwasaidia. Paulo akichangisha fedha aliwaambia Wakorintho waziwazi kwamba hataki wengine wapate nafuu huku wao wakidhikika. Hasira ya simu mara nyingi ni uchovu tu. Eliya alipoomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena.

Ni vibaya kufanya sherehe wakati jirani ana shida?

Si vibaya. Fuata Nehemia 8:10: kuleni vinono, na asiye na kitu apelekewe sehemu yake. Mpelekee kabla wageni hawajala, si mabaki.

Wenzangu kazini hawaamini. Niwahubirie vipi bila kuwaudhi?

Petro anasema muwe tayari kumjibu "kila mtu awaulizaye" habari za tumaini lililo ndani yenu, tena kwa upole. Awaulizaye! Je, kuna aliyewahi kukuuliza? Kama hakuna, nadhani kazi yako ya sasa si kuhubiri. Fika kwa wakati, usishiriki kumsengenya asiyekuwepo, mwenzako akifiwa mshikie zamu yake. Siku watakapouliza, jibu kwa dakika mbili, kisha mrudi kazini; mwenye hamu ya kusikia zaidi atakutafuta mwenyewe.