Barua kwa Mwanangu: Kondo Linapomtangulia Mtoto

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema ultrasaundi ya wiki ya 20 imeonyesha kwamba kondo la nyuma limejishikiza chini hadi kufunika mlango wa kizazi, nawe unauliza kama litakudhuru wewe au mtoto, na kama ni lazima ulale kitandani hadi siku ya kujifungua.

Kwanza tulia. Sehemu ya chini ya mji wa mimba hutanuka kadiri mimba inavyokua, na kondo huonekana likipanda pamoja nayo; kati ya wanawake 10 wanaoambiwa kondo liko chini wakati huo, takriban 9 hufika mwisho njia ikiwa wazi. Ndiyo maana utapimwa tena karibu na wiki ya 32. Kulala mchana kutwa hakulipandishi, na kunaweza kugandisha damu miguuni.

Ninalokusihi ulishike ni hili la damu. Nilipokuwa na mimba ya mdogo wako, wiki ya 31, niliamka alfajiri nikakuta shuka imelowa damu nyekundu, mbichi kabisa. Sikusikia maumivu yoyote, na baada ya muda damu ikakata yenyewe, basi nikaloweka shuka kwenye beseni nikaendelea na kazi zangu. Adhuhuri ikarudi kwa wingi. Damu ya kondo lililotangulia ndivyo ilivyo: haiumi, hukata, kisha hurudi. Ukiiona, hata kidogo, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na umwambie wa kwanza kukupokea kwamba kondo liko chini, ili asikupime kwa kidole kabla ya ultrasaundi, kwa kuwa kidole kinaweza kulichana kondo na kufungulia damu isiyozuilika.

Mtoto naye huathirika, hasa kwa sababu mara nyingi hulazimika kuzaliwa kabla ya wakati. Mimi nilidungwa sindano mbili, zikipishana kwa saa 24, za kukomaza mapafu yake, na hata hivyo, alipotolewa kwa upasuaji wiki ya 34, mbavu zake zilikuwa zikibonyea kwa kila pumzi. Mama asipotokwa damu, madaktari kwa kawaida husubiri hadi wiki ya 36 au 37 ndipo wapasue.

Jambo moja hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia. Wewe una kovu la upasuaji wa mtoto wako wa kwanza. Kwa mwenye kovu, kondo hupanda kwa nadra zaidi, na likikaa juu ya kovu lenyewe laweza kuota mizizi ndani ya nyama ya kizazi, likakataa kubanduka baada ya mtoto kutoka. Hapo mama hupoteza damu nyingi mno, na pengine kizazi huondolewa ili kuokoa maisha yake. Mwombe daktari alitazame kovu hilo waziwazi, na kama kondo limeligusa, ujifungulie katika hospitali kubwa yenye akiba ya damu na wapasuaji wazoefu. Vidonge vya madini ya chuma usiviache hata siku moja, maana mwenye damu ya kutosha huhimili zaidi akitokwa nayo.

Niandikie tarehe ya kipimo cha wiki ya 32. Nitakuja nikae na mjukuu wangu siku hiyo.

Mama yako