Mmeuliza kuhusu Chikatilo, mimi nina neno juu ya Kravchenko

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa fupi: je, yupo mhalifu anayestahili kuuawa na serikali? Mfano mliotoa ni Andrei Chikatilo, yule mwalimu wa zamani wa kule Rostov, kusini mwa Urusi, aliyetiwa hatiani kwa kuua watu 52 kati ya 1978 na 1990, wengi wao watoto na wasichana. Sikuhitaji kufikiri. Yupo, na ni huyohuyo.

Nilisoma Rostov miaka hiyo. Magazeti yalikuwa kimya, maana wakubwa walishaamua kuwa wauaji wa namna ile wako kwa mabepari tu. Habari tulizipata kwa bibi wa zamu mlangoni mwa bweni, aliyewakataza wasichana kupanda treni za vitongojini kukishaingia giza. Maiti zilikuwa zinaokotwa vichakani kando ya reli. Jioni moja ya vuli 1984 niko stesheni, askari wa milisia aliyevaa kiraia akanisimamisha: fungua begi. Mlikuwa na mkate mweusi, soseji, daftari za fizikia na kisu cha jikoni cha kukatia hiyo soseji. Akakiinua kwenye taa, akachungulia pale mpini unapokutana na bapa, kisha akanishika viganja, akavigeuza mbele na nyuma. Kirusi chote kikanitoka kichwani. Baridi ile, na jasho linanitiririka mgongoni! Mara akakata kipande cha soseji, akatia mdomoni, akanirudishia kisu: haya, nenda zako. Waliyemtafuta hakuwa mtu mweusi, ndiyo salama yangu.

Septemba ya mwaka huohuo walikuwa wamemkamata Chikatilo mwenyewe. Walimfuatilia usiku kucha akiwaandama wanawake, wakamshika sokoni. Begi lake lilikuwa na kisu, kamba na vaselini. Wakampima damu: kundi A. Manii yaliyokutwa kwenye maiti yalisomeka AB, wakaona siye. Basi, wakamfunga miezi michache kwa kuiba mali ya kazini, akatoka Desemba, akaendelea kuua mpaka Novemba 1990, askari Igor Rybakov alipomwona akitoka msituni pale stesheni ya Donleskhoz, ana doa jekundu shavuni, akaandika jina lake, na jina hilo ndilo lililomnasa. Kuandika jina tu!

Lakini mnaomtaja Chikatilo mbona hammtaji Aleksandr Kravchenko? Mtoto wa kwanza wa Chikatilo kuuawa, wa miaka 9, aliuawa Desemba 1978 huko Shakhty, mji wa jirani na Rostov. Kravchenko alikuwa jirani, na ujanani alishafungwa kwa kuua msichana. Mkewe alisema siku ile mume alikuwa nyumbani. Wakambana mpaka akageuza kauli. Naye mume akakiri, akakana, haikusaidia. 1983 wakampiga risasi. Chikatilo alikuwa na kibanda hapohapo Shakhty, na alishahojiwa, ila mwenye kesi alikuwa ameshapatikana, sasa wahangaike na mwingine wa nini? Hukumu ya Kravchenko ilifutwa akiwa kaburini.

Nimeyaandika haya nikaona jibu langu la juu halisimami. Kravchenko angefungwa maisha, wangemfungulia mlango, wakamlipa fidia, wakamwomba radhi, hata kama mkewe alishaolewa kwingine. Kwa hiyo mniandike hapana, na hata hapa Tanzania, ambako hukumu ya kifo ingali kwenye vitabu, ningesema hapana.

Ila msinielewe vibaya. Ile risasi aliyopigwa Chikatilo tarehe 14 Februari 1994 gerezani Novocherkassk haijawahi kunikosesha usingizi, na kama mmoja wa wale watoto angekuwa wangu, nisingekuwa nawaandikia barua ya upole hivi. Mkikosa nafasi, chapeni hapana tu, hii aya ya mwisho ikateni.