Wasomaji Wanauliza: Bunduki Ndefu za Pennsylvania

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mchonga vinyago. Katika kitabu cha picha niliona bunduki za kale za Marekani, nyembamba na ndefu kuliko gobore, na mti wake umechongwa mapambo. Kwa nini zilirefushwa hivyo, mtutu ulitengenezwaje kwa mikono, na je, mpingo wetu ungefaa? (Mchongaji, Newala, Mtwara)

JIBU: Ndugu Mchongaji, bunduki hizo zilianza kufuliwa katika karne ya 18 huko Pennsylvania, hasa katika eneo la Lancaster, na mafundi wenye asili ya Ujerumani, akiwemo Jacob Dickert. Kwao walizoea bunduki fupi ya wawindaji, yenye tundu pana. Marekani, ambako mwindaji alikaa porini muda mrefu akijibebea risasi na baruti, walilipunguza tundu ili ratili moja ya risasi itoe vidonge vingi zaidi, na wakaurefusha mtutu kupita mita moja. Urefu huo uliitenganisha zaidi shabaha ya mbele na ya nyuma, hata kosa dogo la kulenga likaonekana.

Mtutu ulianza kama bamba la chuma, ambalo mhunzi alilikunja kuzunguka ufito na kuziunganisha kingo zake kwa nyundo, sehemu baada ya sehemu, kila moja ikirudishwa motoni. Chuma kikipoa kabla ya wakati, kingo hazishikani, na ufa uliojificha humo ungeweza kumpasukia mpigaji usoni. Baada ya hapo tundu lilipekechwa, mtutu ukanyooshwa kwa nyundo huku fundi akichungulia ndani kwa msaada wa uzi uliovutwa, kisha ukapigwa tupa hadi ukapata pande 8. Mifereji ya msokoto, ile inayoizungusha risasi isiyumbe hewani, ilikatwa kwa jino dogo la chuma cha pua lililofungwa kwenye ufito na kuongozwa na gogo lenye msokoto uleule; kila mvuto uliondoa unga wa chuma tu, na kazi ilirudiwa mfereji kwa mfereji. Kwa maoni yangu ustadi wa bunduki hizi uko hapa, ingawa wapiga picha hupenda maua ya kitakoni. Mtambo wa kufyatulia, kwa upande wake, mara nyingi ulinunuliwa tayari kutoka Ulaya.

Kuhusu mti, walipendelea mepo (maple), mti wa nchi za baridi, wenye nyuzi za mawimbi. Mpingo una uzito wa karibu mara mbili ya mepo, huzama majini, na ni nadra kupata kipande kilichonyooka cha kufika mdomo wa mtutu huo. Tuuache kwenye vinyago na zumari. Mepo ni mweupe, hivyo ulipakwa asidi iliyoyeyushiwa chuma na kupashwa moto hadi michirizi ikajitokeza, kisha ukasuguliwa mafuta ya kitani. Utakalolipenda wewe ni namna walivyokiingiza chuma mtini: walikipaka masizi ya taa, wakakikandamiza, kisha wakachonga kwa patasi pale tu palipoachwa weusi, wakirudia hadi unywele usipite katikati.

SWALI: Je, magobore ya wakati wa Maji Maji nayo yalikuwa na mifereji? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Kwa kawaida hayakuwa nayo. Gobore waliloshika wapiganaji wa Kilwa na Liwale kati ya 1905 na 1907 lilikuwa na tundu laini, likishindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni, na liliweza kumeza hata vipande vya chuma. Lilijazwa upesi kuliko bunduki ya mifereji, ambayo risasi yake huviringishiwa kitambaa chenye mafuta ili ibane, lakini lilikosa shabaha ya mbali. Wahunzi wetu walijua kulitengeneza. Leo, hata hivyo, kufanya hivyo bila kibali ni kosa chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015.