Jibu kwa anayepukuchua mahindi chini ya paa la ghala: moto wangu wa 2019 na bima iliyonilipa nusu

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una gunia kama 300 za kupukuchua, fundi wa mashine anataka kuifunga chini ya upenu wa ghala kwa sababu ya upepo, ghala la jirani yako limeungua wiki iliyopita, na unauliza kama bima inasaidia au ni kutupa hela. Wadau waliotangulia wamekujibu ama moto ama bima. Mimi vyote viwili vilinikuta usiku mmoja, Julai 2019, huku Mbozi, kwa hiyo nivumilie, maelezo yatakuwa marefu.

La mashine nakujibu kabla hujaendelea kusoma: mkatalie.

Siku ile tulianza asubuhi uwanjani, trekta likiwa mbali na ghala kama inavyotakiwa. Mchana upepo ukakaza. Anayeijua Julai ya huku anaelewa: mvua zilishakata zamani, kila kitu kimekauka mpaka kinalia ukikikanyaga, na maganda yakitoka kwenye mashine hayatui, yanaruka. Vijana wakaanza kulalamika makapi yanawaingia machoni. Fundi akasema tusogee kwenye upenu, ukuta utatukinga. Nikakubali. Yeye analipwa kwa gunia, kila dakika ya kusimama anaumia, na mimi nilikuwa nawahi kwa sababu mashine ilikuwa na foleni ya watu watatu wanaoisubiri baada yangu.

Alasiri tulinusa mpira unaungua. Mkanda ulikuwa unateleza. Fundi akaukaza, tukaendelea. Beringi moja ya upande wa ngoma ilikuwa inapiga mluzi, na hiyo nayo tukaizoea, kama unavyozoea mtoto wa jirani anayelia. Saa moja jioni kazi ikaisha, trekta likaondoka, lundo la magunzi na maganda likabaki limeegemea ukuta, kimo cha mtu. Tukaoga, tukala. Saa nne kasoro usiku mbwa wakabweka, natoka nje naona upenu unawaka na kenchi zimeshashika.

Tangu trekta liondoke zilikuwa zimepita karibu saa tatu nzima. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea kuelewa moto wa nafaka. Maganda yaliyoshindiliwa hayatoi ndimi papo hapo. Cheche ikiingia, au kipande cha mkanda kilichoungua, au makapi yaliyopata joto la beringi, moto unafuka ndani kwa ndani bila moshi wa maana mpaka upate hewa. Upepo wa usiku ukaja, ukaupa. Tungekuwa tumelisambaza lile lundo jioni ile na kulimwagia ndoo kumi za maji, leo nisingekuwa na hadithi.

Zimamoto tuliwapigia 114. Walikuja, na nawashukuru, ila kutoka mjini hadi kijijini kwetu ni barabara ya vumbi, na paa lilikuwa limeshalala. Kilichookolewa kiliokolewa na majirani na ndoo zao. Katika gunia zangu 180, tulitoa 60. Humo ndani kulikuwa pia na gunia 60 za majirani wanne waliokuwa wanatunza kwangu kwa sababu ghala langu lina sakafu ya saruji. Za kwao hazikutoka hata moja, zilikuwa nyuma kabisa.

Sasa hivi ninavyofanya. Mashine inakaa hatua 30 kutoka ghalani, na kabla ya kuifunga natupa vumbi juu nione upepo unakoelekea. Ghala liwe upande upepo unakotoka, makapi na ekzosi vielekee kwingine. Upepo ukigeuka, tunazima na kugeuza mashine, fundi anune asinune. Siku hizi nampa fundi hela kidogo ya muda wa kusimama, nje ya malipo ya gunia, kwa sababu niligundua kwamba haraka yake ndiyo hatari kubwa kuliko mashine yenyewe. Kila baada ya saa moja hivi injini inazimwa, tunafagia makapi kwenye ekzosi, kwenye mkanda na kuzunguka beringi, tunatia grisi. Mafuta hatuongezi injini ikiwa inanguruma wala ikiwa bado ya moto, na dumu la mafuta halikai karibu na lundo. Kama mashine ina injini ndogo ya petroli, hapo ongeza woga mara tatu. Mapipa mawili ya maji na lundo la mchanga vinakuwa tayari kabla trekta halijafika. Mchanga ni kwa ajili ya mafuta yanayowaka, maana ukiyamwagia maji unayatembeza.

Jikoni. Hili nalisema kwa sababu sijaona mtu akiligusa. Vijana wa kupukuchua lazima wale, na anayewapikia atatafuta kuni za karibu, na kuni za karibu ni magunzi yenyewe. Nimeona mafiga yamewekwa hatua tano kutoka kwenye lundo, mama wa watu anachota magunzi huku na kusukuma ugali kule. Kwangu chakula kinapikwa nyumbani na kuletwa na ndoo. Sigara ni upande wa barabarani. Tukichelewa usiku tunatumia tochi, koroboi haisogei.

Kazi ikiisha, mtu mmoja analala macho mpaka saa sita. Lundo linasambazwa, na anachomeka nondo katikati, anaiacha kidogo, anaichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto, anaita watu na maji kwanza, ndipo lifukuliwe. Ukifukua bila maji mkononi unalipatia lundo hewa lililokuwa linaisubiri.

Kuhusu kuingiza mashine ndani ya ghala na kufunga milango, kama mmoja alivyoshauri hapo juu: ndugu yangu, hapana. Watu hucheka ukiwaambia vumbi la nafaka linalipuka. Mwaka 1878 kinu cha Washburn A kule Minneapolis, Marekani, kililipuka kwa vumbi la unga na kuua watu 18. Ghala letu si kinu, sawa, lakini vumbi lililotanda kwenye chumba kilichofungwa, pamoja na injini inayotema cheche, ni viungo vile vile.

Na vidonge vya kuhifadhia, maana najua ukimaliza kupukuchua utafukiza. Kidonge cha fostoksini cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi kinapokutana na unyevu wa hewa. Kinatakiwa kitoe polepole. Ukivirundika pamoja, au paa likavuja juu yake, gesi inatoka kwa mkupuo na inaweza kujiwasha bila kiberiti. Kuna mtu alikusanya vidonge vilivyobaki na unga wake kwenye kopo akalifunika. Usifanye hivyo. Na asilale mtu humo, gesi hiyo inaua kabla moto haujafika.

Tuje kwenye bima, na hapa ndipo nilipolipia shule.

Nilikuwa na bima ya moto kwa sababu benki ilinilazimisha nilipochukua mkopo. Wakala alikuja Aprili. Aprili ghala la mkulima ni la panya, akaangalia magunia yaliyobaki, akakisia, tukaandika mzigo wa milioni 4.5. Jengo tukaandika milioni 8, ingawa kulijenga upya kungefika milioni 12. Mimi nikafurahi, ada imekuwa ndogo.

Julai mzigo wangu ulikuwa wa milioni 9, kwa bei ya elfu 50 kwa gunia. Uliungua wa milioni 6. Jengo hasara ilikuwa milioni 6. Nikajua mzigo watanilipa 4.5 yote na jengo 6 yote. Mkadiriaji, yule wa bima anayekuja kupima hasara, akanionyesha kwa kalamu: umekatia nusu ya thamani ya mzigo, basi unalipwa nusu ya hasara, milioni 3. Jengo umekatia theluthi mbili, unalipwa theluthi mbili, milioni 4. Jumla 7, toa asilimia 10 ambayo hati ilisema naibeba mwenyewe, ikabaki milioni 6.3 kwa hasara ya 12. Nilidhani ananiibia. Nikasoma ile hati, ukurasa ambao sikuwahi kuufungua, na kipo. Kinaitwa kifungu cha wastani na kipo karibu kwenye kila bima ya moto. Kwa hiyo mkuu, katia thamani ya mwezi ambao ghala limejaa, na jengo kwa gharama ya kulijenga leo. Hundi yenyewe ilipitia benki kwanza, wakakata deni lao, nikapata kilichobaki.

Gunia za majirani: sifuri. Mali ya mtu mwingine unayomtunzia haimo mpaka itajwe kwenye hati. Ningeweza kuitaja, ada ingepanda kidogo tu. Hakuna aliyeniuliza na mimi sikujua kwamba ni jambo la kusema.

Soma pia sehemu ya vitu visivyolipwa. Kwenye hati yangu kulikuwa na fedha taslimu, na zao lililojipasha lenyewe joto likaungua kwa sababu lilirundikwa bichi, na moto wa msituni au wa kuchoma mashamba. Huo wa mwisho uangalie vizuri sana. Huku kwetu kuanzia Julai mpaka mvua za kwanza watu wanachoma mabua na majani kila siku ya Mungu, na moto wa namna hiyo unatambaa mpaka ghalani. Unaweza kuomba uongezwe kwa ada ya ziada, na niliuongeza. Pamoja na hivyo nalima ukanda mtupu kuzunguka ghala, maana hata ukilipwa, huli hundi mwezi wa kwanza.

Kitu kilichoniokoa ni mke wangu. Fomu ya maombi inauliza kazi gani hufanyika kwenye eneo. Wakala alisema tuandike "kuhifadhi" tu, kupukuchua kutapandisha ada. Mke wangu ndiye aliyekuwa anajaza, akaandika: kuhifadhi, na kupukuchua kwa mashine uwanjani. Mkadiriaji alipokuja swali lake la kwanza lilikuwa mashine ilisimama wapi. Nikamwambia ukweli, chini ya upenu. Tulivutana miezi mitatu kama upenu ni uwanja. Bila ule mstari wake kusingekuwa na cha kuvutania, wangesema tulificha hatari na faili lingefungwa.

Ushahidi: usifagie majivu kabla hawajaja. Nilikuwa na taarifa ya polisi, ya zimamoto, barua ya mtendaji wa kijiji, na daftari la magunia lenye tarehe, ambalo kwa bahati lilikuwa nyumbani. Daftari likikaa ghalani linaungua na ushahidi wako. Siku hizi napiga picha ghala kila Jumapili ya msimu.

Kabla ya kulipa, hakikisha wakala na kampuni wamesajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, na usijidanganye kwamba una bima kabla ada haijalipwa ukapata hati. Mkikwama kwenye madai, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nenda na karatasi zako zote. Na usichanganye bima hii na ile ya mazao inayotangazwa sana, ya ukame na mafuriko. Hiyo kwa kawaida inaangalia zao likiwa shambani. Ukishavuna na kuweka ndani, ni habari nyingine. Kama karibu nawe kuna ghala lenye leseni la stakabadhi, lile unaloweka zao ukapewa hati ya kulimiliki, na linapokea zao lako, fikiria kupeleka sehemu huko, maana sheria ya stakabadhi za ghala ya 2005 inawataka waendesha maghala wawe na bima.

Umeuliza pia kama moto ukitoka kwako ukaunguza kwa jirani bima yako inamlipa. Ya moto peke yake, hapana, inalipa mali iliyoandikwa kwenye hati. Ya kumlipa jirani ni bima nyingine, ya dhima, uliza wakupe bei. Mimi zile gunia 60 nililipa mwenyewe, kwa misimu miwili. La mwisho nilimpelekea mzee mmoja mwezi wa nane 2021. Akaligongagonga kwa fimbo, akachota punje, akang'ata moja, akaniuliza kama nina hakika yamekauka.