Maswali na Majibu: Bustani ya Kilimo Hai na Misimu Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunalima bustani ya mboga ya nusu ekari huko Mgeta, mkoani Morogoro, na tangu mwaka juzi tumeacha kabisa mbolea na dawa za viwandani. Shida yetu ni misimu. Wakati wa masika majani ya nyanya huungua na matunda huoza kabla ya kuiva. Kabichi nazo hukomaa zote kwa mara moja, wachuuzi wakanunua kwa bei wanayoitaka wao. Ikifika Septemba wateja wanatafuta mboga nasi hatuna. Tupange vipi kazi zetu bila kurudi kwenye dawa? Pia hoteli moja inatudai alama ya Kilimohai. Tufanyeje?
Msomaji, Mgeta

JIBU: Dada yetu, tunakushukuru kwa barua yako. Anayenyunyizia dawa za ukungu anaweza kuilazimisha nyanya izae katikati ya mvua, ingawa kwa gharama kubwa; ninyi mmeiacha njia hiyo, na kwa maoni yangu mmefanya vyema, lakini maana yake ni kwamba kalenda ndiyo kinga yenu ya kwanza.

Dalili ulizozieleza zinafanana na za bakajani chelewa, ugonjwa unaostawi penye ubaridi na majani yanayokaa na unyevu muda mrefu, hali ambayo milima ya Uluguru huwa nayo tangu Machi hadi Mei. Msiupoteze mwarobaini wenu hapo, kwa kuwa huo ni wa kupambana na wadudu. Ushauri wangu ni kuacha kabisa nyanya za masika, na kutopanda nyanya jirani na viazi mviringo, ambavyo hushambuliwa na ugonjwa huohuo.

Kipande cha nyanya kisikae bure wakati huo. Mvua zinapoanza, sieni humo marejea, zao la kurutubisha udongo ambalo watawa wa Peramiho, mkoani Ruvuma, walilieneza sana kwa wakulima. Yanapoanza kutoa maua, kabla mashina hayajawa magumu, yakateni na kuyachanganya na udongo, kisha subirini wiki mbili au tatu yaoze. Huku nyuma, miche ya nyanya iwe imesiwa kitaluni katikati ya Mei, ili ihamishwe mwishoni mwa Juni, mvua zikiwa zimekatika. Matunda yatawafikisha katika Septemba hiyo mnayoilalamikia.

Kiangazi nacho kina adui wake, kantangaze, mdudu ambaye viwavi wake hushambulia nyanya. Pitieni mistari kila baada ya siku mbili au tatu, mkiliinua jani kulielekeza kwenye mwanga: penye mchirizi mpana uliopauka mtamwona kiwavi mdogo ndani ya jani, pamoja na punje nyeusi za kinyesi chake. Jani hilo lichumeni mara moja na kulifukia mbali na bustani. Wakizidi, twangeni mbegu kavu za mwarobaini, mloweke gramu 50 katika kila lita ya maji usiku kucha, mchuje, kisha mnyunyizie jioni, kwa sababu jua kali huiharibu nguvu ya dawa hiyo.

Masika yaachieni sukuma wiki, figiri na chainizi, katika matuta yaliyoinuliwa yenye mifereji ya kutolea maji. Kabichi msizisie zote siku moja. Sieni kitalu kidogo kila baada ya wiki tatu, nazo zitakomaa kwa zamu. Juni hadi Septemba geuzeni mpango: vitanda vishuke chini kidogo ya usawa wa ardhi ili vishike maji, na juu yake tandazeni nyasi kavu.

Kazi ambayo wengi huiahirisha ni mboji. Mwishoni mwa masika magugu mabichi ni mengi, nayo samadi ya mbuzi wa maziwa haikosekani huko Mgeta. Kwa hiyo lundo la vuli hupangwa Juni, si Oktoba. Pangeni majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo kwa tabaka, mwagilieni, kisha chomekeni fimbo ndefu hadi katikati. Ichomoeni baada ya siku chache na kuishika: ikiwa ya moto na yenye unyevu, lundo linafanya kazi, ikiwa kavu, ongezeni maji, ikinuka uozo, geuzeni lundo lipate hewa. Baada ya miezi mitatu hivi mboji itakuwa tayari.

Kuhusu Kilimohai, hiyo ni alama ya Afrika Mashariki inayotumika pamoja na viwango vya kilimo hai vilivyopitishwa mwaka 2007, na kwa Tanzania mnaweza kuanzia TOAM, chombo kinachowaunganisha wadau wa kilimo hai. Kwa nusu ekari, gharama ya kukaguliwa peke yenu itawaelemea. Jiungeni na wakulima wenzenu katika mfumo shirikishi, ambamo wanakikundi hukaguana mashamba kwa kufuata viwango hivyo. Tangu sasa wekeni daftari linaloonyesha kila kipande kilipandwa nini, lini, kwa mbegu zilizotoka wapi, na kila kilichonyunyiziwa. Wakaguzi wataliomba daftari hilo mapema kabisa.