Zombi na msukule, bibi kashinda

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu wa darasa la sita karudi na karatasi ya shule, tarehe 31 Oktoba wana sherehe ya Halloween, kila mtoto avae anachotaka, yeye kang'ang'ania awe zombi, yule mfu wa kwenye sinema anayefufuka na kula watu. Bibi yake kaja juu, anasema hayo ni mambo ya misukule, kwenye nyumba yake haingii. Mimi namwambia mama hiyo ni michezo ya Wazungu tu. Nani yuko sahihi? (Mama wa watatu, Morogoro)

JIBU: Pole dada, hapo bibi kakushinda.

Halloween yenyewe sawa, ni ya kwao. Ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, 1 Novemba, na mila zake nyingi zimetoka Ireland, ambako ile taa yenye sura walikuwa wanaichonga kwenye tanipu (mzizi mnene wa kuliwa), maboga wameyakuta Marekani. Ila zombi hakutoka huko. Neno lake linarudi kwetu Afrika, pande za Kongo na Angola: kwa Kikongo Nzambi ni Mungu (wa Lingala wanasema Nzambe), na kwa Kimbundu nzumbi ni mzimu wa marehemu. Watu waliouzwa utumwani ndio waliolivusha bahari mpaka Haiti, enzi hizo koloni la Mfaransa, miwa kila upande.

Sasa fikiria mtu anakata miwa toka alfajiri mpaka usiku kwa viboko, faraja yake ni moja tu, akifa roho inarudi Afrika, kazi imeisha. Halafu unamwambia kuna mchawi anaweza kukutoa kaburini, akili hana habari nayo, anachotaka ni mikono yako, urudi shamba milele! Hiyo ndo hofu ya zombi. Zombi wa Haiti hang'ati mtu wala hali ubongo, yeye ndiye aliyedhulumiwa. Wanasema hatakiwi kupewa chumvi kabisa, manake akiionja tu anazinduka, anajua kumbe nilishakufa, anashika njia kurudi kaburini kwake. Na usidhani ni hadithi za jikoni tu, sheria ya jinai ya Haiti ya karne ya 19, kifungu cha 246, ilisema kumpa mtu dawa ya kumzimisha akaonekana kama kafa ni sawa na kujaribu kumuua kwa sumu, na akizikwa hayo ni mauaji.

Haya, msukule naye je? Mmezika mgomba, mwenyewe yuko kwa mchawi, usiku analima, mchana kafichwa, chakula chake pumba. Sisemi kaja na meli kutoka Haiti, ila bibi kasikia neno moja tu akajua anaongelewa nani.

Huko kula watu kumeletwa na sinema, hasa ile ya Mmarekani George Romero ya 1968, Night of the Living Dead, na cha kuchekesha mle ndani neno zombi halitamkwi hata mara moja, wale wafu wanaitwa "ghouls", jina lililotoka kwenye ghul la Waarabu, jini la jangwani linalopoteza wasafiri. Kwa hiyo mtoto akivaa mpe jembe, usihangaike na damu ya tomato sosi. Bibi utamwambia mwenyewe.

SWALI: Eti "abrakadabra" ya wanamazingaombwe ina maana yoyote? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ilikuwa dawa ya homa! Mrumi mmoja, Serenus Sammonicus, zaidi ya miaka 1,700 iliyopita, aliagiza mgonjwa wa homa ya vipindi aandikiwe neno hilo kwenye karatasi, mstari wa chini yake unapunguza herufi moja, unaofuata nyingine, mpaka ibaki A peke yake, homa nayo ipungue hivyo hivyo, kisha inafungwa na uzi wa kitani inavaliwa shingoni. Wewe wa Tanga nikuelezeje tena, hirizi hiyo.