Upepo Umeezua Paa, Kampuni ya Bima Yasema Mabati Yalikuwa Chakavu

Swali: Mwezi Aprili upepo wenye mvua uliezua upande mmoja wa nyumba yangu hapa Morogoro. Mabati yalibebwa pamoja na papi zake, yaani mbao yanakopigiliwa, na maji yakaharibu dari ya jipsamu. Fundi amekadiria matengenezo kuwa shilingi 8,000,000. Nyumba nimeikatia bima ya shilingi 60,000,000. Mtathmini wa hasara anasema mabati yalikuwa yamechakaa na kwamba bima yenyewe ni pungufu, kwa hiyo kampuni inanipa shilingi 3,000,000 na inataka nisaini hati ya kufunga dai. Je, nisaini?

Jibu: Pole sana kwa hasara hiyo. Ushauri wangu ni kwamba usisaini kwanza. Iandikie kampuni barua ukiomba mchanganuo wa namna ilivyofikia shilingi 3,000,000, kwa sababu ndani ya kiasi hicho kuna makato yasiyofanana, na kila kato hujibiwa kwa hoja yake.

Tuanze na bima pungufu. Mikataba mingi ya majengo ina kifungu kinachosema kwamba, ikiwa kiasi ulichokatia bima ni kidogo kuliko thamani ya jengo, fidia nayo itapunguzwa kwa uwiano huohuo. Tuseme mtathmini ameithamini nyumba kuwa shilingi 100,000,000. Wewe umekatia 60,000,000, yaani asilimia 60, kwa hiyo hasara ya 8,000,000 italipwa 4,800,000, hata kama ni upande mmoja tu wa paa ulioezuliwa. Kifungu hiki kikiwa kwenye mkataba wako, ni vigumu kukipinga. Kinachoweza kupingwa ni ile thamani ya jengo. Ikiwa mkataba wako unataja gharama ya kujenga upya, thamani hiyo haipaswi kuchanganywa na bei ya soko ambayo ndani yake kuna kiwanja, kwa kuwa kiwanja hakiezuliwi na upepo wala hakikatiwi bima ya jengo. Mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa gharama za ujenzi, akithibitisha kwamba kuijenga upya nyumba yako ni shilingi 80,000,000, uwiano unapanda hadi asilimia 75 na fidia inakuwa 6,000,000, kabla ya kutoa kile kiasi ambacho mkataba unakuachia ubebe mwenyewe katika kila dai.

Suala la uchakavu ndilo zito zaidi, na ndilo ningekuomba ulisimamie kwa nguvu. Ni kweli kwamba bima ya nyumba hailipi kutu wala kuoza kwa mbao. Hata hivyo, kila paa lililokaa miaka kadhaa lina uchakavu wa kiasi fulani, na kinachoamua dai ni chanzo kikuu cha hasara, si umri wa bati. Wewe unatakiwa kuonyesha kwamba kulikuwa na dhoruba na kwamba ndiyo iliyoezua paa. Kampuni inayotegemea kifungu cha kuondoa uchakavu ndiyo inayopaswa kuthibitisha kuwa kifungu hicho kinahusika. Maelezo yako kwamba mabati yaling'oka pamoja na papi yana uzito, kwa sababu bati lililochakaa kwa kawaida huachia kwenye matundu ya misumari yaliyopanuka kwa kutu na kuziacha papi juu ya kenchi (fremu inayobeba paa), ilhali upepo ulioingia chini ya paa huweza kunyanyua bati na mbao kwa pamoja. Piga picha za miisho ya papi, za misumari na za matundu yake, na uyahifadhi mabati yenyewe. Tafadhali usiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu, maana huo ndio ushahidi wako.

Omba pia takwimu za upepo na mvua za siku hiyo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na barua ya serikali ya mtaa, hasa ikiwa nyumba za jirani nazo ziliezuliwa. Kufunika paa kwa turubai kwa muda hakuharibu dai. Ni wajibu wako kuzuia hasara isiongezeke, na stakabadhi zake ziambatanishe. Dari ifuate hoja hiyohiyo, kwa kuwa maji yaliyopitia uwazi uliofunguliwa na upepo ni tofauti na maji yanayovuja kila masika.

Soma vilevile msingi wa fidia katika mkataba: upo unaolipa vifaa vipya na upo unaotoa punguzo la umri. Ikiwa wako ni wa kwanza, punguzo la umri wa mabati halina nafasi.

Kampuni isipobadili msimamo baada ya malalamiko yako ya maandishi, yapeleke TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, au kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, pamoja na mkataba, ripoti ya mtathmini na barua zote. Na kama unahitaji fedha kwa haraka ili kuezeka, omba kampuni ilipe sehemu isiyobishaniwa, lakini hati utakayosaini itamke wazi kwamba hayo ni malipo ya sehemu tu na kwamba dai la kiasi kilichobaki bado liko wazi.